Koma Isiyokoma

Direkta mpya wa shule yetu hapa Rumonge ni kijana mwenye heshima. Siku walimu waliponiaga kwa soda na sambusa alivuta kiti, akaketi karibu nami, akaniomba niwaachie wenzangu vijana kurasa chache.

"Madamu Konsolata," akasema, "muwaandikie namna ya kutambua mapema mutoto mwenye kipaji cha hesabu. Nyinyi mumeona wengi."

Nikamjibu kwamba nitaandika, na sikumwambia nitaandika nini. Sasa chaki imetoka kwenye kucha zangu, hakuna ofisi inayoweza kunihamishia milimani, na ninasema nipendavyo: namna hiyo siijui. Nimefundisha hesabu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka nikawa natafuta miwani huku nimeivaa, na sijapata kumtazama mtoto wa darasa la saba nikajua atafika wapi katika hesabu za juu. Wanaojua ni wengi. Nimefanya kazi nao, nimegombana nao, na mmoja wao nusura anikoseshe mwanafunzi ambaye leo ninamtaja kila ninapopata nafasi, hata kwenye misiba.

Habari hiyo nitaifikia. Kwanza nianze pale kazi ilipoanzia.

Mimi ni mtoto wa Gitaza. Mama yangu alianika ndagala, dagaa wa ziwani, kando ya barabara, nami nikakulia katika harufu ambayo watu wa Bujumbura hufunga vioo vya gari wakiipita. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Bugarama, kwenye mashamba, mbali na maji. Niliingia darasani na kalkili mantali, hesabu za kichwani, kama nilivyofundishwa: mwalimu anataja hesabu, watoto wanaandika jibu kwenye kibao cha mkononi, wanainua. Wa kwanza kuinua ndiye mkali. Nilitoka nimelowa jasho na nimefurahi, kwa sababu tayari nilikuwa nawajua wakali wangu kwa majina.

Nyuma ya darasa aliketi Papa Bahati, mwalimu wa hesabu aliyetoka Uvira, aliyetumwa anitazame. Mapajani alikuwa ameweka bikari yake ya ubaoni, ya mbao, mguu mmoja umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

"Iko vizuri, mama," akaniambia tulipobaki wawili. "Sasa hawa wa kwanza kuinua, unapima nini kwao?"

"Akili ya hesabu, Papa."

"Hapana. Unapima mbio. Mbio ni kitu kizuri, mimi siikatae. Lakini kule mbele njia inaisha, inabaki maji, na weye hukuuliza ni nani anajua kuogelea."

Nilidhani ni wivu wa mzee kwa darasa lililochangamka. Baadaye nikaenda kumtazama akifundisha. Mtoto alitoa jibu, jibu lilikuwa sahihi kabisa, na Papa Bahati akauliza: "Unajuaje?" Mtoto akalegea kama aliyeshikwa na kosa. Huo ndio uliokuwa ufundi wake wote. Aliyekosa aliulizwa, aliyepata aliulizwa, na watoto wa mbio walimwogopa kuliko fimbo. Aliporudi kwao Uvira aliniachia bikari ile pamoja na mpira wake. Swali nilikuwa nimeshaliiba zamani.

Kisha nikahamishiwa hapa Rumonge, kwenye mawese na ndagala, nikapumua. Shule ilikuwa na desturi yake. Mtoto akifika darasa la saba anafanya tesiti ya hesabu za haraka, asubuhi moja tu. Wanaoshinda wanakaa darasa la A, wanaobaki wanakwenda B. Hakuna aliyetamka kwamba A ni mlango wa seksio ya sayansi, mkondo wa madarasa ya juu, na B ni mlango wa kutokea, lakini hata mpishi wa shule alijua. Aliyesimamia desturi hiyo ni Prefe wa masomo, mtu wa suti ya kijivu na kalamu nyekundu, mchapakazi kweli, na sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Alikuwa na msemo wake: nyota njema huonekana asubuhi. Aliusema kwenye mikutano, aliusema kwa wazazi, nadhani hata mke wake aliuchoka.

Nyota ya mwaka ninaotaka kuusimulia ilikuwa Deo, mtoto wa fundi wa injini za mitumbwi. Watoto walimwita Kalkileti, yaani mashine ya hesabu, na jina lilimkaa. Ungemtajia hesabu ukiwa bado umefungua mdomo, yeye amekwisha kujibu. Nilimpenda, na bado ninampenda. Asubuhi zilikuwa zake zote.

Neema alikuja mwaka uleule. Wazazi wa wazazi wake walikimbilia Tanzania zamani, yeye alizaliwa na kusoma kule kwenye makazi ya wakimbizi, kwa Kiswahili, kisha familia ikarudi. Mama yake akaanza kuuza mawese sokoni. Mtoto alikuwa na Kirundi cha kuokoteza na Kifaransa hakuna. Alipoingia darasani alisema "Shikamoo, Madamu," darasa zima likacheka, nami nikatafuta "marahaba" kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani. Alikuwa kwenye B. Prefe aliniambia kwamba tesiti yake haikuwa ya mtoto dhaifu. Ilikuwa ya mtoto asiyejua namba ni nini.

Siku moja nilimwita ubaoni, sitini mara arobaini. Alichukua muda. Alihesabu kwa vidole, amevificha nyuma ya sketi. Kisha akaandika 2,400.

Darasa likaguna. Kwetu hapa tunaandika kwa mtindo wa Kifaransa, na alama ile ni virigile: inatenga namba nzima na vipande vyake. Alichokiandika Neema kilisomeka mbili na kidogo. Mwalimu mwingine angekata kwa nyekundu akaendelea. Mimi nilikuwa na swali la Papa Bahati mdomoni, likanizuia.

"Soma ulichoandika," nikamwambia.

"Elfu mbili na mia nne, Madamu."

"Na hii hapa katikati iko nini?"

"Koma."

Mtoto mmoja wa nyuma akadakia: "Koma weye!" Darasa likaangua kicheko, maana hapa ukimwambia mtu koma, umemwambia aache na asirudie. Neema alisimama na chaki yake, uso umemshuka, akasema polepole: "Kule tunaiweka ili kutenga elfu. Watu wasichanganyikiwe."

Watu wasichanganyikiwe! Nilimwambia agawanye namba moja niione. Kigawanyo, sisi tunakiweka kulia, nyuma ya mstari wa wima; yeye akakiweka kushoto, nje ya paa dogo, na jibu akalipandisha juu. Kila kitu kilikuwa upande mwingine na kila kitu kilikuwa sahihi. Nilikwenda kwa Prefe mchana huohuo nikamweleza.

"Sasa mutoto akivuka mupaka na koma yake, tesiti ifanye nini?" akasema. "Tesiti iko tesiti, Madamu. Na hata ukimutoa hiyo koma, iko polepole sana."

Hilo la polepole lilikuwa kweli. Ninyi vijana msidhani ninawasimulia hadithi ya lulu iliyofichwa matopeni. Nilimfundisha Neema virigile yetu na mgawanyo wetu, akashika. Akaendelea kuwa wa mwisho kuinua kibao. Saba mara nane ilimtoa jasho. Deo aliyekuwa A alipita dirishani kwetu wakati wa mapumziko akimtajia majibu kwa ukarimu, hiyo ndiyo tabia yake, na Neema alimshukuru.

Lakini kulikuwa na jambo lingine. Tulipofika kwenye desimali nilimpa ubaoni moja kugawanya kwa tatu. Akaandika sifuri, akaweka koma yake, anakataa kuiita virigile mpaka leo, akaandika tatu, baki moja. Tatu, baki moja. Tatu, baki moja. Wengine walikwishaandika 0,33 na kufunga daftari. Yeye aliendelea mpaka ubao ukaisha. Akanitazama. Nikampa chaki nyingine. Akaendelea ukutani.

Prefe alipita kwenye baraza, akaona namba za chaki zinaelekea kwenye fremu ya dirisha.

"Nani anachafua ukuta?"

"Ni Neema," nikasema. "Hajamaliza."

Darasa lilicheka tena. Neema hakucheka. Prefe alipokwisha kuondoka aliniuliza: "Madamu, mbona inanirudisha palepale? Hizi tatu zinakoma wapi?"

"Hazikomi."

"Basi kwa nini tunaandika sawasawa? Hatuwezi kusema kitu ni sawa na kitu ambacho hatujamaliza kukiandika."

Nilikaa kwenye dawati la mbele. Nilikuwa nimefundisha moja kwa tatu miaka mingi, kwa watoto hodari wengi, na hakuna aliyewahi kuudhika na ile alama ya sawasawa. Wengine waliifuata kama taa ya barabarani. Huyu aliudhika hasa, machozi yalikuwa karibu. Nilijua neno la jibu lake, linaitwa limiti, kikomo ambacho namba hukikaribia bila kusimama, na nilijua pia kwamba linafundishwa kwenye seksio ya sayansi tu, nyuma ya mlango ambao koma ilikuwa imeufunga.

Tangu siku ile nilikuwa na kazi moja: kumpitisha mlango ule.

Mwisho wa darasa la kumi walimu tulikutana kugawa watoto. Viti vya sayansi vilikuwa vichache. Deo alipita kabla Direkta wa wakati ule hajavaa miwani. Lilipotajwa jina la Neema, Prefe alisema ekonomia ya nyumbani, akataka kuendelea. Nikanyoosha mkono.

"Mutoto anahesabu kwa vidole, utamupeleka sayansi?" akaniuliza.

"Vidole ni vyake, hakuviiba."

"Tesiti ya kwanza inasema—"

"Tesiti ya kwanza ilimwuliza anaandikaje elfu. Akajibu kwa namna ya alikotoka. Weye Prefe ukienda Kigoma ukaandika virigile zako, utarudishwa shule ya chekechea."

Kuna waliocheka, wakaficha midomo. Prefe akasema nyota njema huonekana asubuhi. Nikamjibu kwamba mimi ni mtoto wa Gitaza, wavuvi wa ndagala hutoka jua likizama, na nyota zinazowarudisha nyumbani hazionekani asubuhi. Akakasirika kweli.

"Madamu, koma sasa."

Mtu mzima hamwambii mwenzake neno hilo mbele ya watu. Nikasema: "Sikomi. Mpeni kiti mwaka mmoja. Akianguka, mimi nitaacha kufundisha seksio ya sayansi, mnipe darasa la B mpaka nistaafu."

Darasa la sayansi lilikuwa roho yangu, kila mtu alijua. Direkta alinitazama, akamtazama Prefe, akaandika jina la Neema kwenye sayansi. Nilipotoka nje mwalimu mwenzangu wa biolojia aliniambia nimekwisha kurukwa na akili. Inawezekana.

Mwaka ule Neema alipita kwa kukwaruza. Muhula wa kwanza alikuwa chini, wa pili chini kidogo, na kwenye mtihani wa mwisho aliacha maswali kwa kukosa muda. Nilikonda. Prefe alisema amepita kwa huruma, nikamwambia huruma haisahihishi mitihani. Deo aliongoza.

Kisha zikaja limiti. Nilichora duara kwa bikari ya Papa Bahati, nikachora ngazi, nikaandika sifuri koma tisa tisa tisa isiyoisha, nikauliza: hii ni ngapi? Deo alijibu kabla sijamaliza: karibu moja. Nikamwuliza anajuaje, na karibu ni wapi. Akajaribu tena, akajaribu tena, akapandisha sauti.

"Madamu, mutuambie tu iko ngapi. Iko moja ao haiko moja?"

Sikuwa nimewahi kumwona mtoto yule akiwa hajui. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kujiona, na hilo ndilo lililomtisha. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kwa miaka yote hakuna aliyempa swali lililomkalisha, akajifunza namna ya kukaa.

Neema akanyoosha mkono, akaenda ubaoni taratibu zake.

"Deo, unasema kuna pengo kati ya hii na moja. Chagua wewe udogo wa pengo. Dogo unavyotaka."

Deo akataja pengo. Neema akahesabu kwa vidole, hadharani sasa, akaonyesha mahali ambapo tisa zake zimelipita. Deo akataja dogo zaidi. Akalipita. Dogo zaidi.

"Ukichagua lolote nitalipita," akamwambia. "Kwa hiyo hilo pengo huna. Na kama huna pengo, ni moja."

Nilitoka nikasimama barazani, nikalia, sioni haya kuyaandika. Katika ubao ule alikuwa amejijibu mwenyewe swali la ukutani, lile la alama ya sawasawa, alilolibeba tangu darasa la saba bila kulitua.

Deo aliomba kuhamia ekonomia mwezi uliofuata. Ana mitumbwi ya injini sasa, ana watoto wanne wazuri, na tukikutana sokoni hunibebea kapu. "Madamu," husema, "hesabu iliniacha siku ilipoacha kuuliza ngapi." Hajaharibikiwa hata kidogo. Ulioharibika ni msemo wa Prefe tu.

Msinielewe vibaya. Nimekuwa na watoto wa mbio waliofika mbali, na watoto wa polepole waliobaki polepole. Msingi ni lazima. Asiyejua sehemu hatajua limiti, hata akiwa na maswali mazuri kama nabii. Ninachokataa ni kumtazama mtoto asubuhi moja, kwa lugha isiyo yake, kwa alama zisizo zake, kisha kumwandikia jioni yake. Tesiti ya mapema huonyesha nani alifundishwa vizuri jana, nani anaijua lugha ya mwulizaji, nani haogopi. Fundisheni kwa hayo. Msifunge mlango kwa hayo.

Neema alikwenda kusoma hesabu chuoni Bujumbura, akaanguka mwaka wa kwanza. Alikuja kwangu, akakataa chai.

"Madamu, labda Prefe alikuwa na haki."

"Prefe alikuwa na kalamu nyekundu. Haki ni kitu kingine. Unaangukia wapi?"

"Muda. Ninalimaliza swali la pili, wanakusanya karatasi."

"Basi ni mbio tena. Hukuniambia kwamba huelewi."

"Ninaelewa, Madamu."

"Unajuaje?"

Akanitazama, akacheka, akaomba chai. Alirudia mwaka. Mingine aliipita kwa shida yake ya kawaida. Leo anafundisha analizi, hesabu za hizo limiti, chuoni, kwa watu waliokuwa wakali wa shule zao, na nimeambiwa wanamwogopa. Ukimwuliza saba mara nane, anahesabu kwa vidole kwanza. Nimemjaribu Krismasi iliyopita.

Nimemwandikia Direkta wetu haya kwa sababu watoto wanakuja tena. Wanarudi kutoka Tanzania, wanavuka kutoka Kivu, wengine wameingia na viatu vya kuazima, na kila mmoja ana namna yake ya kuandika elfu. Shule inataka kuendelea na tesiti ya asubuhi moja. Niliombwa niitunge. Nimekataa. Badala yake kila Jumatatu nachukua bikari yangu ya mpira wa baiskeli, naketi na wale waliopangwa B, mmoja mmoja, ninawaambia wasome kwa sauti walichoandika. Hakuna aliyenituma na hakuna anayenilipa, kwa hiyo hakuna wa kunizuia.

Wiki iliyopita Direkta alinikuta pale, akasema kwa upole wake: "Madamu, mumefanya kazi ya kutosha. Sasa mukome, mupumzike. Murakoze cane, asante sana."

Ni kijana mwema, hakulikusudia lile neno. Nikamwonyesha mtoto aliyekuwa mbele yangu, bado anahesabu kwa vidole, nikamwuliza Direkta: "Nikome na koma ya wapi? Iko moja ya kutenga elfu, iko moja ya kufungua vipande, na iko ile ya Neema, ilipanda mpaka ukutani, haikukoma. Mimi niko na hiyo."

Akavuta kiti, akaketi. Nikamwambia mtoto aendelee.